Kuukuu au Jipya? Tulivyotafuta Jahazi la Kulala Lamu

Wapo wanandoa wanaogombana kwa sababu ya simu, na wapo wanaogombana kwa sababu ya mawifi. Mimi na mume wangu tuligombana kwa sababu ya mbao. Yeye alitaka jahazi jipya, liundwe kuanzia mkuku hadi ncha ya mlingoti. Mimi nilitaka kuukuu, lililokwisha kuizoea bahari, tulitengeneze lirudi ujanani. Na pesa, mpenzi msomaji, zilikuwa za wote wawili: akiba ya miaka saba, zile ambazo wenzetu wa ofisini wananunulia kiwanja Mtwapa.

Wazo lenyewe si la ajabu. Tulitaka chombo cha kulala, chenye kitanda cha watu wawili, jiko dogo, choo cha heshima na kivuli cha turubai. Wakati wa likizo tukae humo wenyewe. Msimu wa wageni kikodishwe, kijilipie gharama zake. Nyumba inayoelea, basi. Ukichoka na jirani, unang'oa nanga.

Tukaomba ruhusa ya siku tano kazini, tukapanda basi la Lamu. Kutoka Mombasa ni kama kilomita 340 hadi Mokowe, ambako barabara inakwisha na bahari inaanza. Hapo unashuka na mizigo yako, unaingia kwenye boti, na muda si mrefu unauona mji wa Amu umejipanga ufuoni: nyumba za mawe, punda, na milingoti. Mji huu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wageni wengi huja kupiga picha milango ya nakshi. Sisi milango tuliipita tu. Tulikuja kutazama matumbo ya majahazi.

Kwanza, lala humo

Rafiki yetu wa Shela alitupa ushauri wa bure: kabla hamjauliza bei ya chombo chochote, kodini jahazi mlale usiku mmoja. Ndoa ikivuka usiku huo, endeleeni.

Tukakodi la mzee mmoja, pamoja na nahodha na baharia wawili. Tuliondoka alasiri, maji yakijaa, tukaingia Mkanda, ule mkono mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara. Mikoko imesimama huku na huku kama watu wanaotazama harusi ikipita. Hapo nahodha hana mchezo na saa. Maji yakijaa chombo kikubwa kinapita. Yakitoka, mnakaa juu ya tope mpaka bahari iwahurumie.

Samaki alipikwa juu ya sanduku lililojazwa mchanga, maana moto na mbao si marafiki. Tukala wali wa nazi kwa mikono, miguu imening'inia nje. Kusema kweli, mkahawa wa hoteli ya nyota tano haunipi raha ile. Lakini raha ina bili yake. Mbu wa mikoko hawana adabu. Choo kilikuwa pazia na ndoo. Mume wangu, ambaye Mungu alimpa urefu, aligonga kichwa mara tatu. Na ndani ya jahazi hakuna pa kununia: ukikasirika, hatua nne tu, umefika shetri, geuka urudi.

Usiku wa manane nikasikia sauti, kwacha, kwacha. Nikainuka. Baharia alikuwa ameinama kwenye ngama, pale chini kabisa maji yanapokusanyika, anayateka na kuyamwaga nje. Nikamuuliza kwa hofu, "Kaka, tunazama?"

Akacheka. "Bi mdogo, chombo cha mbao kisichoingiza maji hata tone bado hakijaundwa. Lala."

Sikulala mara moja. Nilianza kuelewa kwamba nyumba ya aina hii haifungwi kwa ufunguo ukaisahau. Inataka mtu wa kuamka.

Matondoni, kwa waundaji

Asubuhi ya pili tukaenda Matondoni, kijiji cha upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, kinachosifika kwa kuunda na kutengeneza vyombo. Ukifika unasikia kwanza, kisha unaona: tezo zinachonga, nyundo zinajibu, na watoto wanapita katikati ya mbao wakielekea madrasa.

Fundi aliyetupokea hana mchoro. Aliuliza tu: urefu wa mikono mingapi, kubeba nini, kwenda wapi. Ukishajibu, chombo kiko kichwani mwake. Mkuku hulazwa kwanza, huo ndio uti wa mgongo. Kisha mataruma, ambazo ni mbavu. Mti haulazimishwi kupinda. Fundi hutafuta tawi lililojipinda lenyewe, akalifuata umbo lake kwa tezo. Tundu la msumari hutobolewa kwa keekee, na chini ya kichwa cha msumari huzungushwa pamba iliyolowa mafuta, ili maji yasipate njia. Mwisho huja kalafati: pamba inashindiliwa katika kila ungo wa ubao na ubao, kwa patasi na nyundo, mkono hadi mkono, mpaka chombo kizima kimefumbwa.

Hapo macho ya mume wangu yaling'aa. Jipya, alisema, unaamua mwenyewe. Sitaha iinuliwe kidogo ili mtu mrefu asiinamishwe ndani ya nyumba yake. Choo kiwe na chumba na tangi lake. Mashine ikae hapa, betri za sola pale. Unajua kila msumari ulikotoka.

Yote kweli. Lakini fundi naye akatupa upande wa pili. Mbao nzuri, kama mvule na mbambakofi, hazipatikani kwa kupiga simu. Mwezi Februari 2018 serikali ya Kenya ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, kwanza kwa siku 90, kisha muda ukaongezwa tena na tena. Waundaji wa Lamu walijifunza wakati huo kwamba oda inaweza kuwepo, mafundi wapo, na mbao zisiwepo. Na ukishazipata, lazima zikauke; ubao mbichi hujikunja baadaye na kufungua maungo. "Mbao zikiwa tayari, miezi minane," alituambia. "Zisipokuwa tayari, usiniulize."

Bei aliyotutajia ilikuwa karibu akiba yetu yote. Hiyo ni kabla ya godoro.

Rangi ni vipodozi

Siku ya tatu tukamwomba fundi huyohuyo atusindikize kukagua majahazi mawili kuukuu yaliyokuwa yakiuzwa. Tulimlipa kwa siku hiyo, naye akatupa sharti moja: twende maji yakiwa yametoka, chombo kikiwa kimelala juu ya mchanga na tumbo liko wazi.

La kwanza nililipenda kabla sijashuka. Buluu na nyeupe, nakshi omoni, tanga safi. Nikasema, "Hili hapa." Fundi akanitazama kama baba anavyomtazama binti aliyeleta mchumba mwenye miwani ya jua.

"Mwanangu, usitazame rangi. Rangi ni vipodozi."

Akatoa kisu kidogo na nyundo. Akaanza kugonga ubao mmoja baada ya mwingine, sikio karibu. Ubao mzima hulia kwa sauti kavu. Ubao uliokufa hutoa sauti ya boga. Akatuonyesha michirizi ya kutu ikitoka chini ya rangi: hapo msumari ndani umeliwa, na ubao unaushikilia kwa huruma tu. Kisha akatufundisha jambo ambalo sikulitarajia. Watu hudhani bahari ndiyo inayoozesha chombo. La. Maji ya chumvi huuhifadhi ubao. Maji ya mvua ndiyo huuozesha. Kwa hiyo uozo utafute juu, chini ya sitaha, pembeni mwa shetri, popote mvua inapotuama bila upepo. Upande wa chini adui ni mwingine: wadudu wa baharini watoboao mbao, ambao huingia kwa tundu dogo kama la sindano na kula ndani huku nje pakionekana pazima.

Mwishowe akaingia ngamani. "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani," alisema, na siku hiyo methali haikuwa ya kupamba barua. Ni pale chini ndipo chombo kinaposema ukweli. Akachoma kisu kwenye mkuku. Kikazama hadi mpini.

"Ubao hubadilishwa," akasema akijifuta mikono. "Taruma hubadilishwa. Ukibadilisha mkuku, hujatengeneza chombo. Umeunda kingine, na umelipa mara mbili."

La pili halikuwa na uzuri wa kusimulia. Lilikuwa limebeba mchanga na mawe ya kujengea kwa miaka mingi, omo umesimama wima kama ilivyo kawaida ya majahazi ya Lamu, rangi imebanduka. Mwenyewe ni mzee ambaye wanawe wamekwenda kufanya kazi nchi kavu. Fundi aligonga, akachoma, akalala chali mchangani. Mataruma matano yameoza vichwani. Mbao mbili za juu zimekwisha. Misumari ya omoni inatoa kutu. Tanga ni la kufungia mizigo. Lakini mkuku ulikuwa mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, na kisu kilirudi kikiwa na alama ya unga tu.

Bei: chini ya theluthi ya jipya.

Hesabu za darini

Usiku ule tukakaa juu ya dari ya nyumba ya wageni, karatasi, kalamu, na chungu cha chai. Nilidhani nimeshinda. Theluthi moja! Nani asiyejua hesabu?

Tukaandika. Mataruma, mbao, misumari mipya, kalafati la chombo kizima, tanga, rangi. Kisha sitaha mpya, kitanda, choo na tangi, jiko, sola na betri, mashine, makoti ya kuokolea maisha, nanga na kamba. Tukaongeza na fungu la dharura, maana fundi alituonya: ukitoa ubao mmoja mbovu, nyuma yake unakutana na wa pili ambao hukuahidiwa. Jumla ikapanda. Kuukuu likafika kama theluthi mbili za bei ya jipya.

Lakini jipya nalo lilitaka kitanda, choo, sola, na mashine. Hapa ndipo wengi hujidanganya, msomaji wangu: gharama za ndani hazijui umri wa chombo. Godoro ni bei ileile, juu ya mbao za mwaka huu au za mwaka 1990. Tulipoyaongeza hayo, jipya lilipita akiba yetu, na tofauti ingetoka kwenye mkopo wa sako.

Kisha kuna gharama ambayo haina mwisho kwa yote mawili. Kila chombo cha mbao hupandishwa pwani kusafishwa. Hilo hufanyika wakati wa bamvua, maji makubwa yanayokuja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Ukikosa bamvua, unangoja kama wiki mbili nyingine. Tumbo husuguliwa, huchomwa kwa moto wa makuti ili kuua wadudu, kisha hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa, au siku hizi rangi maalum ya dukani. Kalafati lililolegea hushindiliwa upya. Na chombo kikikaa juu sana juani, mbao hukauka na maungo kufunguka. Kikirudishwa majini huachwa siku kadhaa kinywe maji, kivimbe, kijifunge. Jahazi jipya litapitia hayohayo kuanzia msimu wake wa kwanza.

Ndiyo maana mabaharia wa hapa hawakuelewa vizuri swali letu. Kwao hakuna chombo kuukuu na kipya. Kuna kinachotunzwa na kilichotelekezwa. Hata mtepe, chombo cha kale cha pwani hii, haukuwa na misumari; mbao zilishonwa kwa kamba za nazi, na kamba zile zilishonwa upya kila zilipochoka. Ng'ambo ya bahari yetu, Kerala nchini India, boti za kulala zinazopendwa na wenye fungate zilianza vivyo hivyo: zilikuwa mashua za kubeba mpunga, nazo za kushonwa, zikageuzwa nyumba baada ya malori kuchukua mizigo. Na hapahapa Lamu, mwaka 2018, mafundi chini ya Ali Skanda waliunda Flipflopi, jahazi la mita 9 lililotengenezwa kwa takataka za plastiki na kuvikwa vipande vya ndala zilizookotwa. Mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar, kama kilomita 500. Jipya kabisa, kwa vitu vilivyotupwa. Sasa hilo utaliita nini?

Kuwa wa kwanza

Kwa hesabu, mambo yalikuwa wazi. Lakini mume wangu alikuwa amenyamaza, na ninamjua akinyamaza. Nikaweka kalamu chini, nikamuuliza ana nini.

"Shati langu la kwanza la shule lilikuwa la kaka yangu," alisema. "Vitabu vilikuwa vya kaka yangu. Gari letu lilitumiwa na Mjapani. Hata nyumba tunayopanga, rangi ya ukutani alichagua mtu mwingine. Mara moja tu, nataka kuwa wa kwanza."

Miaka sita ya ndoa, na sikuwahi kulisikia hilo. Nilikuwa nikimwona mtu wa kupenda makuu, kumbe nilikuwa nimelala pembeni ya mtoto aliyechoka kurithi. Nami nikamwambia la kwangu: ninaogopa deni kuliko ninavyoogopa bahari. Niliona nyumbani kwetu samani zikitolewa nje mbele ya majirani kwa mkopo wa shilingi chache. Chombo chenye mkopo hakitanipa usingizi, hata kikiwa na godoro la futi sita kwa sita.

Tulizungumza mpaka adhana ya alfajiri. Tukatoka na mpango ambao si wangu wala si wake. Tunanunua lile la mchanga na mawe, kwa ajili ya mkuku wake. Kuanzia sitaha kwenda juu, hakuna kinachorithiwa: kila kitu kitaundwa upya kwa vipimo vyake yeye, na kichwa chake ndicho futi ya fundi. Fungu la dharura linakaa katika akaunti yenye sahihi mbili. Sako haituoni.

Asubuhi tukarudi kwa mzee. Alitupokea kwa kahawa na tende, akauliza maswali mengi kutuhusu kuliko tuliyomuuliza kuhusu jahazi. Alipokea malipo ya kwanza mbele ya fundi na jirani mmoja, karatasi ikaandikwa. Kisha akamwonyesha mume wangu ungo mmoja upande wa kushoto, karibu na omo. "Hapa huanza kulia kila kaskazi," alisema. "Mwahini." Fundi hakuwa ameuona. Hakuna jahazi jipya linalouzwa na habari ya namna hiyo.

Kabla hujatoa pesa

Wewe na mwandani wako mkivutwa na wazo hili, shikeni haya:

Laleni kwanza ndani ya chombo cha kukodi, si usiku wa mbalamwezi peke yake. Jaribuni na usiku wa mvua.

Mlipeni fundi asiyekuwa na ujamaa na muuzaji, na mkague maji yakiwa yametoka. Mkuku kwanza, nakshi mwisho. Mkuku ukiwa mbovu, shukuruni kwa kahawa, muondoke.

Andikeni gharama za ndani mbali na gharama za chombo, kisha mlinganishe. Mtashangaa.

Kama mtabeba wageni wa kulipa, ulizeni mapema masharti ya KMA, mamlaka ya Kenya inayosimamia usalama wa baharini. Ukaguzi na makoti ya kuokolea maisha si mambo ya kufikiria baada ya uzinduzi.

Panga kazi kwa kalenda ya bahari. Sisi mafundi wetu wataanza bamvua la kwanza baada ya masika, ili jahazi linywe maji na kutulia kabla ya kaskazi, kati ya Desemba na Machi, wageni wanapojaa.

Na la mwisho: kabla ya kubishana kuukuu au jipya, muulize mwenzako ni kitu gani hasa anachotaka kiwe kipya. Huenda si mbao.